Utambuzi na Ufuatiliaji wa Vifaa katika Mtandao wa Nyumbani: Suala la Istilahi na Matumizi katika Boma la Chepsaita, Eldoret

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mwenye nyumba anavyoweza kuvitambua na kuvifuatilia vifaa vilivyounganishwa na mtandao wa nyumbani kwake, na jinsi uhaba wa istilahi za Kiswahili zilizozoeleka unavyomkwaza. Mfano unaotumiwa ni wa boma la kubuni katika eneo la Chepsaita, viungani mwa Eldoret. Makala yanatetea hoja kwamba mtu asiyekuwa na jina la kitu hawezi kukiulizia, na asiyeweza kukiulizia hubaki mikononi mwa fundi.

Utangulizi

Chepsaita ni eneo la wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika eneo bunge la Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu. Wapenzi wa riadha wanalijua kwa mbio za nyika zinazobeba jina lake. Eldoret, iliyotawazwa kuwa jiji mnamo Agosti 2024, ndiyo soko lake, hospitali yake na chuo kikuu chake. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti ili kuwasiliana na ulimwengu kwa intaneti. Gharama ilikuwa kubwa na kasi ilikuwa ya kobe. Mikonga ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka huo, na EASSy mwaka uliofuata, hali ilianza kubadilika. Kile kilichokuwa kikitafutwa katika sibakafe za mjini kimeingia sebuleni, na katika baadhi ya maboma kimefika hadi kwenye banda la ng'ombe, ambako kamera ndogo humwangalia mtamba aliyekaribia kuzaa.

Pamoja na mabadiliko hayo limezuka swali ambalo kizazi kilichotangulia hakikuwa na sababu ya kuliuliza: je, ni nani yumo katika mtandao wetu? Swali hili lina uzito wa kifedha, kwa kuwa kasi inayolipiwa na mmoja hugawanywa na wote waliomo. Lina uzito wa kiusalama vilevile. Mnamo 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera, vinasa picha na ruta za majumbani katika nchi nyingi kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, kisha ikavitumia vifaa hivyo kwa pamoja kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani mnamo tarehe 21 Oktoba. Tovuti kubwa zilitoweka kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo walikuwa wamelala usingizi wa pono. Hawakuwa na habari kwamba mali yao imeajiriwa na mwingine.

Mtandao mmoja, maana nne

Kabla ya kuingia katika utaratibu wenyewe, ni muhimu kulitazama neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku 'mtandao' lina angalau maana nne. Mtu akisema "hakuna mtandao," huenda anasema simu yake haipati mawimbi ya kampuni ya simu; huenda waifai ya nyumbani imezimika; huenda waifai ipo lakini intaneti haifiki; au huenda ni mfumo wa ofisi fulani uliokwama huku foleni ikirefuka. Fundi anayepigiwa simu na kuambiwa hivyo hana budi kuuliza maswali matano kabla ya kuelewa. Katika makala haya, mtandao wa nyumbani ni ule uliozungukwa na ruta, yaani vifaa vyote vinavyozungumza na ruta moja, iwe kwa waya au kwa waifai. Intaneti ni kile kilicho nje ya ruta hiyo. Tofauti hii si ndogo. Vifaa vya ndani vinaweza kuonana na kupashana habari hata mkonga wa nje ukiwa umekatwa na katapila la watengeneza barabara.

Ruta yenyewe imepewa majina kadhaa ya Kiswahili. Kuna wanaoiita kipanga njia na wengine kisambaza data. Zubeida Tumbo-Masabo na H.J.M. Mwansoko, katika Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili (1992), waliziweka wazi njia za kuunda istilahi, na kwa mizani ya kitaaluma 'kipanga njia' ni istilahi nzuri kwa kuwa inabeba kazi ya kifaa. Ila ruta ya nyumbani hupanga njia kwa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Ni mnara mdogo wa redio, ni karani anayegawa anwani, ni bawabu wa lango. Istilahi inayoeleza kazi moja kati ya nne humpotosha msomaji kuliko neno la mkopo lisiloeleza lolote. Kwa sababu hiyo makala yanatumia 'ruta', neno ambalo muuza vifaa mjini Eldoret ataelewa bila kukunja uso.

Ikumbukwe kwamba juhudi za kuifanya kompyuta iseme Kiswahili si za jana. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice lililoitwa Jambo mnamo 2004. Simu nyingi za leo zina Kiswahili katika menyu zake, na ndiko neno 'mtandaopepe' lilikoenezwa. Hata hivyo, kurasa za ndani za ruta aghalabu zimesahauliwa. Mtu hufungua ukurasa wa kusimamia mlango wa nyumba yake na kukuta lugha ambayo hata mhitimu wa sekondari haifahamu, kwa kuwa si Kiingereza cha darasani bali ni cha wahandisi.

Utambuzi: mfano wa boma

Tuchukue boma moja la kubuni. Mna baba, mama, binti aliye chuoni, kijana wa sekondari na nyanya yao. Intaneti imekuwa ikisuasua jioni. Mama anahesabu vifaa anavyovijua: simu tatu, kipakatalishi cha binti, runinga na kamera ya bandani. Jumla ni sita. Anafungua ukurasa wa ruta na kukuta orodha ya tisa.

Ameufunguaje? Ruta ina anwani yake, ambayo mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini yake: 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.100.1. Tarakimu hizi zinafanana nyumba hadi nyumba kwa sababu maalum. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti, yaani IP toleo la 4, ni takriban bilioni 4.3 tu, na hazitoshi. Mnamo 1996 mafungu fulani, likiwemo lile linaloanza kwa 192.168, yalithibitishwa kuwa ya matumizi ya ndani. Boma la Chepsaita na nyumba ya Oslo huweza kutumia anwani ile ile bila kugongana, kama vile kila shule inavyoweza kuwa na 'Darasa la Nne Mashariki'. Mama anaiandika anwani hiyo katika kivinjari, kisha anaombwa nywila.

Hapa ndipo wengi hukwama, na kosa ni la lugha. Nywila ziko mbili. Moja humwezesha mtu kuingia katika waifai. Nyingine humwezesha kuitawala ruta. Kwa kuwa zote zinaitwa 'password' mitaani, watu hujaribu ile ya kwanza, ikikataa wanakata tamaa. Makala yanapendekeza ziitwe nywila ya mlango na nywila ya msimamizi. Hii ya pili ndiyo iliyowaponza wahanga wa Mirai: waliachiwa ya kiwandani, nao hawakujua kwamba ipo.

Orodha anayoiona mama ina safu tatu. Ya kwanza ni jina ambalo kifaa kilijitangazia chenyewe. Jina hilo haliaminiki, kwani mwenye simu anaweza kuiita simu yake lolote. Ya pili ni anwani ya IP ambayo ruta imekikopesha kifaa kwa muda, mathalani saa 24. Ya tatu ni anwani ya MAC, jozi sita za herufi na tarakimu. Kwa kawaida jozi tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji, kwa kuwa taasisi ya IEEE ndiyo inayowagawia watengenezaji mafungu hayo, na orodha yake iko wazi kwa umma. Jozi tatu za mwisho hutofautisha kifaa kimoja na kingine.

Wafugaji wa Kikalenjin wamezoea kumwita ng'ombe kwa rangi na mabaka yake, na mchungaji akirudi jioni hahitaji kuhesabu ili ajue ni yupi hayupo. Anwani ya MAC ingekuwa mabaka ya aina hiyo, laiti ingekuwa haibadiliki. Tangu Android 10 (2019) na iOS 14 (2020), simu hutunga anwani ya kubahatisha kwa kila mtandao zinaojiunga nao, ili wenye maduka na viwanja vya ndege wasizifuate kila ziendako. Ni kinga ya faragha yenye manufaa, lakini inamvuruga mama wa boma. Ishara yake ni rahisi kuikumbuka: tazama herufi ya pili ya anwani nzima. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo imetungwa na kifaa chenyewe, na kumtafuta mtengenezaji wake ni kazi bure.

Kwa maarifa haya mama anaanza kupunguza. Kifaa cha saba kina anwani ya kubahatisha na jina la simu ya binti. Siku iliyotangulia binti alibadilisha mipangilio ya faragha, na ruta bado inakumbuka anwani ya awali ambayo muda wake wa mkopo haujaisha. Kifaa ni kimoja, majina mawili. Cha nane kinaonyesha mtengenezaji aitwaye Espressif, ambaye hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumsikia. Hofu inapanda. Espressif ni kampuni ya Shanghai inayotengeneza vipande vya ndani vya waifai ambavyo kampuni nyingine huvitia katika balbu, soketi na vifaa vidogo vya nyumbani, kila mmoja akiweka nembo yake juu ya kasha. Kijana anakumbuka soketi janja aliyoifunga kwenye pampu ya maji. Mama anaing'oa, anafungua orodha upya baada ya dakika chache, na kifaa cha nane kimeandikwa kuwa hakipo. Njia hii ya kuzima kimoja kimoja ni ya kizamani lakini haijapata mshindani. Hata mtaalamu mwenye Nmap, programu aliyoitoa Gordon Lyon mnamo 1997, huirudia anapotaka uhakika.

Si ruta zote zilizo na orodha inayosomeka. Mwenye kipakatalishi cha Windows anaweza kufungua dirisha la amri na kuandika arp -a. Kompyuta itamtajia vifaa ilivyozungumza navyo karibuni, pamoja na anwani zao za MAC. Ila orodha hiyo si sajili kamili. Ni kama kumuuliza mtu aliowasalimia leo sokoni, wasiosalimiwa hawatajwi. Programu za simu kama vile Fing hufanya kazi pana zaidi kwa kubisha hodi kwenye kila anwani ya ndani na kusubiri jibu. Nazo hukosea, kwa maana simu iliyolala inaweza kukawia kuitika au isiitike kabisa. Ni busara kurudia uchunguzi nyakati mbili tofauti, asubuhi na usiku.

Cha tisa ni kishikwambi, na nyumba nzima haina kishikwambi.

Mgeni wa siku ya tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii imekosa makali mbele ya nywila ya mlango. Mgeni aliyekuja Krismasi akapewa nywila anaondoka, lakini simu yake hubaki na ufunguo. Zaidi ya hayo, simu za kisasa zinaweza kuionyesha nywila kama picha ya mraba yenye madoa, na simu nyingine ikaipiga picha na kuingia, bila hata mmoja wao kuzijua herufi zenyewe. Kwa njia hii mpwa alimpa rafiki, rafiki akampa ndugu, na kishikwambi cha jirani kinatazama mpira kutoka upande wa pili wa ua wa michongoma.

Je, aitweje huyu? Magazeti yangemwita mdukuzi. Neno hilo lina ujamaa na dukiza, kusikiliza kwa siri yasiyokuhusu, na linadokeza nia mbaya. Mtoto wa jirani hakusikiliza chochote, na wala hakuvunja mlango, aliukuta wazi. Kumwita mwizi nako ni kumtwisha mzigo. Kisheria, hata hivyo, suala halina utani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inalitambua kosa la kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na adhabu yake inaweza kufikia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Ni wazi kwamba hakuna mama mwenye akili timamu atakayempeleka mtoto wa jirani kituo cha polisi kwa sababu ya mpira. Lakini aijue sheria, kwani siku mtu asiyemjua atakapotumia mtandao wake kumtapeli mwingine, anwani ya nje itakayoonekana ni ile ya ruta yake, na maswali yataanzia kwake.

Tiba inajulikana. Mama aibadilishe nywila ya mlango. Vifaa vyote vitatolewa kwa mkupuo mmoja, kisha avirudishe kimoja kimoja huku akiandika katika daftari. Ni adha ya jioni moja, na kamera ya bandani itahitaji mtu wa kupanda ngazi. Akiwa humo, achague usalama wa WPA2 au WPA3 (huu wa pili ulitangazwa mwaka 2018), na azime WPS, kile kitufe cha kuunganisha kwa urahisi, ambacho udhaifu wa tarakimu zake nane ulifichuliwa mnamo 2011. Kuna wanaoshauri kuzuia vifaa kwa anwani ya MAC. Ushauri huo ulikuwa na mashiko kidogo zamani. Leo anwani hubadilishwa kwa kubonyeza mara moja, na hata zamani iliweza kuigwa. Kilicho bora ni kufungua mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinauwezesha, wenye nywila yake. Wageni watapata intaneti bila kuiona kamera wala kipakatalishi, na nywila hiyo inaweza kubadilishwa kila baada ya sherehe. Watu wa boma wanaelewa hili bila kufafanuliwa: mgeni hukaribishwa sebuleni, hapelekwi ghalani.

Kufuatilia, kuchunga, kupeleleza

Baada ya kutambua huja ufuatiliaji, na hapa uchaguzi wa kitenzi una athari zake. Kiswahili kina vitenzi vingi vya jicho. Kufuatilia ni kufuata jambo hatua kwa hatua ili kujua mwisho wake. Kuchunga ni kutazama kwa nia ya kulinda. Kuchungulia ni kutazama kwa kujiiba. Kupeleleza ni kutafuta siri ya mtu. Ukurasa wa ruta haubagui kati ya vitendo hivi; kitufe ni kile kile. Anayekibonyeza ndiye anayejua anafanya lipi.

Kiufundi, ruta nyingi zinaweza kuonyesha ni kifaa kipi kilichotumia data nyingi, na saa ngapi. Nyingine huhifadhi majina ya tovuti zilizoulizwa. Haziwezi kusoma yaliyomo katika kurasa zilizofungwa kwa usimbaji, yaani zile zinazoanza kwa https, lakini jina la mahali peke yake husema mengi. Jina la tovuti ya kliniki ya ugonjwa fulani halihitaji maelezo. Kwa hivyo mama anayeona kwamba kamera ya bandani imetuma data nyingi saa nane za usiku, ilhali hakuna aliyekuwa akiitazama, ana sababu njema ya kuichunguza, kuisasisha programu yake au hata kuichomoa. Huko ni kuchunga. Baba anayefungua kumbukumbu za tovuti alizotembelea binti wa miaka 21 amevuka mpaka, hata kama anayelipa bili ni yeye.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo imewawekea masharti wanaokusanya habari za watu, lakini imeyaacha nje ya masharti yake mambo ya mtu binafsi au ya nyumbani tu. Kwa maneno mengine, serikali haitaingia sebuleni kumuuliza baba. Pengo hilo limeachiwa adabu ya nyumba, na adabu haifundishwi na kitabu cha ruta.

Hali ya mfanyakazi wa nyumbani ndiyo ngumu zaidi. Simu yake imo katika orodha. Anaishi humo lakini si wa ukoo. Ni mwajiriwa, na kwake nyumba ile ni kazini. Je, msamaha wa mambo ya nyumbani unamhusu mwajiri anayefuatilia simu yake? Wanasheria wanaweza kulijadili. Kwa upande wa matumizi, jambo la chini kabisa ni kumwambia: "Dada, waifai hii huonyesha simu zilizoingia na data zilizotumia. Ukipenda, tumia ile ya wageni." Mwenye nyumba asipoweza kutamka sentensi mbili kama hizo mbele ya mhusika, basi anachokifanya ni kupeleleza, hata akikiita usalama.

Daftari la boma la mfano, baada ya jioni ile, lina safu nne: kifaa, mwenyewe, anwani ya MAC na tarehe ya kuingia. Mistari ni minane. Saba ni vile vilivyojulikana, soketi ya pampu ikiwemo. Wa nane uliongezwa kesho yake mchana, jirani alipokuja kuazima toroli na mama akamweleza habari ya kishikwambi. Jirani alicheka, akaomba radhi, akauliza kama mtoto anaweza kuruhusiwa Jumamosi tu. Mama akamwandika chini ya mtandao wa wageni.